Moqueca ya Bahia: weka mwiko pembeni

Kama unajua kupika samaki wa nazi, nusu ya kazi umeshaimaliza. Nusu iliyobaki ni kuuzuia mkono wako. Umezoea kukaanga kitunguu, kuivisha nyanya, kumimina tui na kukoroga bila kupumzika. Kwenye moqueca hukaangi kitu. Maji huongezi. Bizari huweki. Ukishafunika chungu, mwiko haurudi ndani.

Moqueca, tamka mokeka, ni chakula cha pwani ya Brazili. Tunayopika leo ni ya Bahia, jimbo ambalo mji wake mkuu ni Salvador: samaki, tui zito, mafuta mekundu ya mawese na giligilani nyingi. Nazi na mawese vilivuka bahari kufika huko. Nazi ilipelekwa na Wareno katika karne ya 16, nayo ina asili ya eneo la Bahari ya Hindi. Mchikichi ulitoka Afrika Magharibi, njia ileile waliyopitishwa watu waliouzwa utumwani, na ni mikono ya wanawake Waafrika na wajukuu zao iliyoujenga upishi wa Bahia. Kwa hiyo usihangaike kutafuta duka la vitu vya kigeni. Karibu kila unachohitaji kimo sokoni kwako.

Tenga saa moja. Kwa watu 4, nunua samaki kilo 1, ndimu 2, vitunguu maji vikubwa 2, nyanya 4 zilizoiva hasa, pilipili hoho 2 za rangi tofauti, kitunguu saumu punje 4, nazi 2, fungu kubwa la giligilani (huenda kwenu ni kotmiri au dania), mawese vijiko 4 vya chakula, pilipili kali chache na chumvi. Hakuna kingine. Ukiona mkono unaufuata mkebe wa binzari, urudishe.

Samaki kwanza

Chagua mwenye nyama ngumu. Kule Bahia samaki anayependwa sana kwa chungu hiki ni badejo, na huyo ni wa ukoo wa chewa. Basi ukimkuta chewa mnadani, umepata. Kolekole anafaa. Changu mkubwa anafaa. Nguru naye ni mzuri ila hukauka upesi, kwa hiyo mpunguzie dakika mbili tatu za moto. Jodari mwache kwa mapishi mengine, maana akikaa kidogo tu kwenye mvuke anakuwa mkavu.

Uko mbali na bahari? Chukua sangara. Nyama yake inashikana, miiba si mingi, na inavumilia tui bila kusambaratika. Sato anapikika pia, lakini mwache na mfupa wake na mkate vipande viwili tu. Mnofu wake mtupu utakatika kabla hujafika mezani.

Mwambie muuza samaki akukatie vipande vya mviringo, mfupa ukiwa katikati, unene wa vidole viwili. Mfupa ndio unaokishikilia kipande kisivunjike. Kichwa usimwachie, kichukue. Kina kazi yake.

Samaki wa barafu hana ubaya wowote. Myeyushe taratibu ndani ya friji tangu usiku, kisha mkaushe kwa kitambaa safi kabla ya kumkoleza. Maji ya barafu yakiingia chunguni, mchuzi unapooza.

Twanga kitunguu saumu na kijiko 1 cha chai cha chumvi. Paka vipande vyote, kamulia ndimu moja, acha dakika 20. Usipitishe nusu saa. Ndimu ikikaa sana inaanza kumpika samaki akiwa bado bakulini, na nyama yake inakuwa ya kumung'unyika. Ukiwa tayari kumpanga, yale majimaji ya ndimu yaliyobaki yamwage. Ukali wake ukikutana na tui la moto, tui linakatika.

Tui na mawese

Samaki anapokaa kwenye ndimu, wewe kuna nazi. Kamua kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, chuja, pata tui la kwanza, zito, kiasi cha mililita 400. Tui la pili kamua uliweke kando. Utapikia maharage kesho.

La kopo au la pakiti linakubalika kabisa. Soma tu maandishi ya nyuma: lisiwe limetiwa sukari. La unga likoroge zito kuliko maelekezo ya pakiti, kwa sababu mboga zenyewe zitatoa maji mengi.

Sasa mawese, na hapa nakuomba usikubali mbadala. Mafuta haya ndiyo yanayoitenga moqueca ya Bahia na samaki wengine wote wa nazi duniani. Unataka mawese mekundu yasiyosafishwa, yenye rangi ya chungwa iliyokolea na harufu yake nzito. Mafuta meupe ya kupikia, hata kama yametokana na mchikichi huohuo, yameshaondolewa rangi na ladha. Hayatakusaidia.

Msomaji wa Kigoma, Bujumbura, Uvira au Bukavu hahitaji somo hapa. Mawese ameyakuta jikoni kwa mama yake. Mwingine, ulizia kwa wafanyabiashara wanaoleta bidhaa za Kigoma na Kongo kwenye masoko makubwa. Ukiwa Ulaya au Marekani, ingia duka la vyakula vya Kiafrika, au la Wabrazili, ambako chupa imeandikwa azeite de dendê. Nusa kabla ya kulipa kama unaruhusiwa. Harufu iwe nzito na safi, isiwe ya uchachu. Ukiona sehemu imeganda chini ya chupa, usiogope. Ndivyo yalivyo yakipoa. Iweke chupa kwenye maji ya moto dakika chache, yatayeyuka.

Jambo moja kwa waliolelewa na mawese. Baadhi ya wapishi huyachoma kwanza mpaka yabadilike rangi. Kwa moqueca usifanye hivyo. Moto mkali unaiua ile rangi nyekundu, na rangi ile ndiyo unayoitaka juu ya mchuzi. Ndiyo maana tutaweka kijiko kimoja tu mwanzoni na kuacha vitatu vya mwisho kabisa.

Chombo

Chungu cha udongo ni bora. Kinapata moto polepole, kinautunza, na kinafika mezani bado kinatokota. Kama ni kipya, kiloweke usiku kucha, kisha chemshia uji mwepesi ndani yake kabla ya kukipikia chochote. Kianzie kwenye moto mdogo, na kikiwa cha moto usikimwagie maji baridi. Kitapasuka.

Huna chungu, tumia sufuria nzito yenye mfuniko unaobana. Chagua pana kuliko ndefu, ili samaki walale tabaka moja.

Kupanga

Kata vitunguu, nyanya na hoho kwa mviringo, unene wa nusu sentimita. Usikate vidogovidogo kama vya kachumbari, vitayeyuka. Tenganisha giligilani: mashina yakate madogo, majani yaweke pembeni.

Sambaza kijiko 1 cha mawese chini ya chungu. Tandika nusu ya vitunguu, nusu ya nyanya, nusu ya hoho, kisha mashina ya giligilani. Juu yake laza samaki, wasipandane. Wafunike kwa mboga zilizobaki, nyanya zikiwa juu kabisa. Nyunyiza chumvi kidogo. Pilipili nzima, usiipasue, ichomeke katikati.

Mboga za chini ndizo godoro la samaki. Bila hizo anashika chungu. Ndiyo maana kitunguu kinaanza na samaki hagusi sakafu.

Funika. Moto wa wastani mpaka usikie chungu kinaanza kuchemka, kisha upunguze. Acha dakika 10. Usifunue kila mara, mvuke ndio unaompika samaki wa juu. Ukifunua baada ya hapo utakuta mchuzi umejitokeza wenyewe, kutoka kwenye nyanya na kitunguu, na ndiyo sababu maji hatukuweka. Ukiona pamekauka, moto wako ni mkali. Ongeza vijiko vitatu vya lile tui la pili na upunguze moto. Ukipikia mkaa, ondoa makaa mawili matatu sasa, usisubiri.

Pasha tui zito kwenye kisufuria kingine liwe vuguvugu. Limimine taratibu pembeni mwa chungu, lisimwangukie samaki kwa nguvu. Na hapa ndipo mkono utakapokusaliti. Miaka yote umeambiwa tui likorogwe lisikatike. Kwenye moqueca tui linalindwa na moto mdogo. Shika chungu kwa vitambaa viwili na ukitikise kwa mzunguko, mara moja kila dakika mbili. Kisha chota mchuzi kwa upawa umwagie samaki juu. Inatosha.

Acha wazi nusu, dakika 8. Unachotaka ni vipovu vidogo vinavyotoka pembeni. Kikianza kuchemka kwa fujo, ondoa motoni hata nusu dakika. Hata likikatika kidogo, chakula hakijaharibika; ladha ni ileile, na mawese yatafunika.

Choma kisu kwenye kipande kinene, karibu na mfupa. Nyama iwe nyeupe yote na iachie mfupa bila kubembelezwa. Bado? Mpe dakika mbili. Onja mchuzi, rekebisha chumvi.

Sasa mimina vijiko 3 vya mawese juu kwa kuzungusha. Mwaga majani ya giligilani, yote, usiyaonee huruma. Funika dakika 2, zima moto, acha chungu kitulie dakika 5 kabla ya kukibeba. Ndimu ya pili ikate robo upeleke mezani. Ukali wa ndimu unaingia kwenye sahani, hauingii chunguni.

Pirão, usiiruke

Watu wengi wanapika moqueca na wali halafu wanaishia hapo. Wanakosa sehemu tamu. Mbrazili anapakua na pirão, uji mzito wa muhogo uliopikwa kwa supu ya samaki. Hapa ndipo kile kichwa kinapofanya kazi, na mwiko pia unapata kazi yake.

Tangu samaki anapokolezwa, chemsha kichwa pamoja na kipande cha kitunguu na mashina machache ya giligilani kwenye vikombe 3 vya maji. Dakika 20, kisha chuja. Moqueca ikiiva, chukua vikombe 2 vya supu hiyo, ongeza pawa mbili za mchuzi wa chunguni, rudisha motoni.

Unga wa Brazili ni wa chengachenga na umeshakaushwa kwa moto. Kilicho karibu nao sana ni gari ya Afrika Magharibi, inayopatikana kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika ughaibuni na baadhi ya masoko ya miji yetu. Ukiipata, inyunyize kwenye supu inayochemka kidogokidogo huku unakoroga, nusu kikombe hivi, mpaka ishike.

Unga wetu laini wa muhogo unafaa, ila haupikwi hivyo. Ukiunyunyiza kwenye supu ya moto utapata madonge. Koroga vijiko 4 vya chakula kwenye supu iliyopoa kwanza, umimine kwenye ile inayochemka, kisha songa kwa moto mdogo dakika 8 mpaka ung'ae na ladha ya ubichi iishe. Simama kabla haujawa mzito unaoutaka, kwa sababu utaendelea kushika ukipoa. Uwe wa kuteka kwa kijiko, si ugali wa kumega.

Wali upike mweupe. Najua utatamani wali wa nazi, lakini tui juu ya tui linachosha ulimi, na moqueca inataka kitu kitulivu pembeni yake.

Kama una nguvu ya kitu kimoja zaidi, tengeneza farofa: kaanga kitunguu kidogo kwenye kijiko cha mawese, mwaga gari kikombe kimoja, geuza kwa moto mdogo mpaka ikauke na kuwa ya rangi ya dhahabu. Inanyunyizwa juu ya mchuzi, inaleta ule ukavu wa kutafunika.

Na pilipili. Wabahia wana molho lambão, na wewe karibu unaijua tayari: nyanya, kitunguu na giligilani vilivyokatwa vidogo sana, pilipili iliyopondwa, ndimu, chumvi. Kisha ilainishe kwa kijiko cha mchuzi wa moto kutoka chunguni. Pilipili yao ni malagueta. Pilipili kichaa inaikaribia sana, kwa hiyo tumia hiyo na anza na moja.

Moqueca nyingine, isiyo na nazi

Ukiwahi kumpikia mgeni kutoka jimbo la Espírito Santo, kusini mwa Bahia, jiandae kwa ubishi. Kwao moqueca haina tui wala mawese. Rangi yake inatoka kwenye mbegu nyekundu za urucum, mafuta ni ya zeituni, na hoho kwa kawaida hawaweki. Wanaishikilia kwa dhati, na kwao ile ya Bahia ni mchuzi wa samaki tu.

Vyungu vyao vinastahili kutajwa. Wanawake wa Goiabeiras, mtaa wa mji wa Vitória, huvifinyanga kwa mkono, huvichoma kwenye moto wa wazi, na vikiwa bado vya moto huvipiga kwa maji ya magome ya mikoko mpaka viwe vyeusi. Mwaka 2002 ufinyanzi huu ulikuwa wa kwanza kabisa kuandikishwa na serikali ya Brazili kuwa urithi wa taifa usioshikika.

Ukitaka kujaribu moqueca yao, urucum ni mrangi unaolimwa Kwale. Pasha kijiko 1 cha mbegu kwenye vijiko 4 vya mafuta kwa moto mdogo mpaka mafuta yawe mekundu, chuja mbegu utupe, kisha panga chungu kama tulivyofanya. Acha tui, na mpe samaki dakika 18 hivi za mvuke kwa jumla. Ni nyepesi, ya kula mchana wa jua kali.

Ukitaka kubadilisha

Kamba waingize dakika 5 za mwisho, tui likiwa limeshaanza kutoa vipovu. Zaidi ya hapo wanakuwa mpira. Wengi Bahia wanachanganya kamba na samaki chungu kimoja, nami ndiyo ninayoipenda kwa wageni.

Pweza mchemshe pembeni mpaka alainike kabisa, ndipo umkate na kumlaza juu ya mboga. Dakika 10 ndani ya tui zinamtosha.

Kaa nao wana moqueca yao; Jorge Amado, mwandishi mkubwa wa Bahia, aliweka mapishi ya moqueca ya kaa ndani ya riwaya yake Dona Flor e Seus Dois Maridos ya mwaka 1966. Wavunje magamba kabla ya kuwapanga ili mchuzi uingie.

Asiyekula samaki, mpikie ya ndizi. Tafuta mzuzu ulioiva kiasi, ganda limeanza madoa lakini nyama bado imekaza. Kata mapande marefu, panga badala ya samaki, punguza muda wa kwanza hadi dakika 6. Utamu wa ndizi na uzito wa mawese vinapatana vizuri mno. Kwa ndizi, zidisha pilipili.

Ikibaki

Chakula cha nazi hakilali nje. Kikipoa tu, kiweke kwenye friji, na kile kesho yake. Usikipashe chote pamoja. Toa vipande vya samaki, pasha mchuzi peke yake kwa moto mdogo, kisha mrudishe samaki kwa dakika mbili za mwisho ili apate joto bila kupikwa upya.

Samaki wameisha, umebaki na mchuzi? Bora zaidi. Uchemshe taratibu kwenye kikaango, fanya vishimo vinne kwa mgongo wa kijiko, vunjia yai moja katika kila kishimo, funika dakika 5. Bahia inapikwa hivyohivyo na inaitwa moqueca de ovo. Kula na mkate, asubuhi, kabla wengine hawajaamka.